Tusilisingizie Jua: Esanse Ichemkayo na Magari Yetu Makuukuu

Kila mwaka, ufikapo msimu wa kiangazi, mvua zikatoweka juu ya uwanda wa Ituri na vumbi jekundu likatanda juu ya Boulevard de la Libération tangu asubuhi hadi magharibi, husikika Bunia lalamiko moja lisilokosa wasemaji: kwamba gari la fulani, lililokwenda salama salimini tangu alfajiri, limezimika ghafula njiani, au limesimamishwa kitambo kidogo mbele ya duka na kukataa katakata kuwaka tena, na kwamba sababu ya mkasa huo ni jua, ambalo limeichemsha esanse. Shitaka hilo limerudiwa mara nyingi hata limekuwa hukumu. Mimi nadai kwamba hukumu hiyo ilitolewa pasipo shahidi kuhojiwa, na kwamba mshitakiwa, ijapokuwa hana udhuru kamili, amebebeshwa taksiri ya watu wengine, ambao baadhi yao ni mafundi wetu, baadhi ni sisi wenye magari, na baadhi ni wale wenye kuweka vizuizi barabarani.

Yafaa kwanza tuyatenge magari yanayohusika, maana ugonjwa huu haumpati kila mwenye magurudumu. Malori makubwa yaletayo shehena kutoka Mahagi na Aru, na sehemu kubwa ya Land Cruiser mpya za mashirika, hutumia mazutu, ambayo haianzi kuchemka mpaka joto lipite digrii 150, joto lisilotazamiwa katika bomba la mafuta la gari zima. Magari ya esanse ya siku hizi nayo yana pampu ya umeme iliyozamishwa ndani ya tangi, inayoisukuma esanse kwa nguvu ya mara tatu hivi ya uzito wa hewa ituzungukayo, na kilichoshindiliwa hivyo hakipati upenyo wa kutokota. Wanaobaki ni wazee wenye kabureta: Land Cruiser FJ40 na FJ60 zilizorithiwa kwa wamisionari na makampuni, Land Rover za esanse, Peugeot 404 na 504 ambazo bado zatembea kwa ukaidi wa wenyewe, na Corolla za miaka ya themanini. Jenereta ndogo zinazonguruma ndani ya vibanda vya simu zina kabureta pia, lakini esanse yake hushuka yenyewe kutoka tangini bila kuvutwa na pampu, na maradhi yake ni ya namna nyingine, leo naziacha.

Esanse si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, vyepesi na vizito, vyepesi vikianza kugeuka mvuke kwenye joto linalozidi kidogo tu digrii 30, na vizito vikistahimili hata kukaribia digrii 200. Wasafishaji wameviacha vile vyepesi kwa makusudi, kwani ndivyo viwashavyo injini iliyolala baridi usiku kucha. Kwa hiyo mwenye kutamani esanse isiyochemka kabisa atamani pia gari lisilowaka alfajiri. Fauka ya hayo, mji wetu umekaa mita zipatazo 1,275 juu ya bahari, ambako uzito wa hewa ni kama asilimia 86 ya ule wa Mombasa, na kila kimiminika huchemka upesi zaidi mahali ambapo hewa ni nyepesi. Mama apikaye maharage Mombasa hupata maji yake yakitokota kwa digrii 100. Wa Bunia huyaona yakitokota kwa digrii 96 hivi, na ndiyo maana maharage yake hukawia kuiva ingawa chungu chafoka. Yapatayo maji ndiyo yaipatayo esanse. Tena pampu ya magari hayo ya kale, iliyofungwa ubavuni mwa injini mbali na tangi, kazi yake ya kwanza ni kuvuta. Kiwambo chake kivutapo, hupunguza zaidi uzito uliokuwa ukiikandamiza esanse ndani ya bomba, na kwa kufanya hivyo huialika ichemke papo hapo mlangoni mwa pampu. Tone likigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara mia. Kiwambo huuminya mvuke huo, nao hujikunyata kisha hujitanua tena, huku kabureta ikisubiri esanse isiyofika.

Angalia, msomaji, kwamba mpaka hapa jua sijalitaja. Kivulini mwa miembe ya Bunia joto la mchana wa Januari aghalabu halipiti digrii 30 kwa mengi, na Maskati, ambako joto la Juni huvuka digrii 40, Land Cruiser za namna hiyohiyo zilitembea miaka na miaka mikononi mwa watu waliozitunza. Moto unaoichemsha esanse yetu watoka katika injini yenyewe, hasa katika kile chuma cha kutolea moshi ambacho, gari lipandapo mlima na mzigo, huwa cha moto kiasi cha kuunguza mkono kabla haujakigusa. Jua huongeza kidogo juu ya kilichokuwapo. Ameshitakiwa msaidizi, na mkosaji mkuu yu chini ya boneti.

Tena maradhi yenyewe ni mawili, wala si moja, na kuyachanganya ndiko kulikowapotosha wengi. La kwanza hutokea gari likiwa safarini: injini huanza kukosakosa, hupoteza nguvu mlimani, hushtuka mara mbili tatu, kisha huzimika kwa njaa, kwa sababu mvuke umeziba njia kati ya tangi na kabureta. La pili hutokea gari likiwa limesimama. Injini ikizimwa, feni husimama na maji ya rejeta hayazunguki tena, lakini joto lililomo ndani ya chuma halina pa kwenda ila juu, ambako ndiko iliko kabureta. Basi esanse iliyokuwa imetulia katika bakuli lake, chini ya boya, hutokota na kufurika, ikamwagika ndani ya njia ya hewa, na dereva arudipo hupata injini iliyoshiba kupita kiasi, inayonuka esanse na kukataa kuwaka. Mmoja amekufa njaa na wa pili amevimbiwa. Yule wa kwanza ahitaji esanse, na kwanza ahitaji pampu na bomba vipoe, kwa kitambaa kibichi kikizungushiwa pampu na kwa subira. Wa pili hahitaji hata tone: dereva akanyage kanyagio la mafuta mpaka chini na kulishikilia hapo pasipo kulipigapiga, kwani kila pigo humwaga esanse nyingine, kisha azungushe stata mpaka hewa iyatoe yaliyofurika. Dawa ya mmoja ni sumu ya mwenzake.

Kuyatambua si kazi ya kitaalamu. Injini ikiwa imezimwa na pasiwe na sigara karibu, fungua chombo cha kuchujia hewa, chungulia koo la kabureta, na usukume kwa mkono ule mkono wa mafuta: ukiona mchirizi mwembamba wa esanse ukiruka, bakuli lina akiba na lawama haiko kwenye pampu, usipoona kitu, njaa ndiyo iliyoua. Kwenye Land Rover za zamani jambo ni jepesi zaidi, kwa kuwa pampu yake ina kikombe cha kioo chini yake, ambamo viputo huonekana kwa macho, na ina kijiti pembeni cha kuipampu kwa kidole mpaka kioo kijae. Waliobuni chombo kile waliwafikiria watu walio mbali na gereji.

Katika kiangazi kilichopita nilikuwa abiria ndani ya FJ60 ya esanse iliyotoka Kasenyi na magunia ya samaki wakavu. Njia ile yajulikana: kutoka ufukweni mwa Ziwa Albert, lililo kwenye kimo cha mita kama 620, hadi hapa mjini, ni kupanda zaidi ya mita 600 katika safari ya kilomita 50 hivi, na sehemu kubwa ya mpando imerundikana mahali pamoja, pale ukuta wa bonde unapoinuka kuelekea Bogoro. Gari lilipanda kwa gia ya pili, likihema, na tulipofika juu, tukakuta kamba imevutwa njiani, na dereva akaamriwa azime injini wakati karatasi zikisomwa. Karatasi zilisomwa polepole. Zilipokwisha kusomwa, stata ilizunguka, injini ikakohoa, harufu ya esanse ikajaa mpaka nyuma tulikokaa. Dereva akawa apigapiga kanyagio kama apigaye ngoma, na utingo, kijana mwepesi wa mwili na wa shauri, alikwisha kufungua boneti na kuchomoa chupa ya plastiki iliyokuwa imechomekwa kando ya betri, ili amimine esanse katika koo la injini ambayo ilikuwa imezama katika esanse.

Kati yetu alikuwamo mzee mmoja, fundi wa zamani, ambaye alishuka pasipo haraka akamwambia, “Mwanangu, funga hiyo chupa uiweke mbali kule kwenye majani.” Kisha akamgeukia dereva: “Kanyaga mpaka chini, mguu usitikisike.” Dereva akaitika, “Ndiyo, papa,” akafanya alivyoagizwa, na baada ya mizunguko kadhaa injini ikawaka kwa kutoa wingu jeusi. Nami, kwa udadisi, nilichungulia chini ya boneti kabla haijafungwa. Watu wa Toyota walijua tangu mwanzo kwamba katika injini hiyo ya silinda sita, ambamo njia ya hewa na njia ya moshi ziko ubavu mmoja na kabureta imekaa juu yake kama sufuria juu ya mafiga, esanse itachemka baada ya kuzima. Basi wakaiwekea FJ60 feni ndogo yenye mfereji, ya kuipulizia kabureta hewa hata baada ya ufunguo kutolewa. Katika gari lile feni haikuwapo. Palikuwa na kipembe cha chuma chenye matundu mawili ya skrubu, na nyaya mbili ambazo ncha zake zilifungwa kwa utepe mweusi uliokwisha kuyeyuka gundi. Dereva alipoulizwa alisema kwamba fundi wa gereji moja aliitoa akisema ni kitu cha Wazungu kisicho na kazi.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Gari la kale huingia gereji likiwa na vifaa vidogo ambavyo havizungushi wala haviwashi kitu, na kwa hiyo machoni pa fundi asiyefundishwa huonekana kuwa pambo: lile bati jembamba kati ya kabureta na chuma cha moshi, ambalo kazi yake ni kuukinga mwali wa joto, kile kipande cheusi cha bakelaiti chini ya kabureta, ambacho kikipasuka huwekewa badala yake kipande cha chuma, yaani kizuizi cha joto kinageuzwa kuwa daraja la joto, ule mpira mwembamba wa kurudisha tangini esanse iliyozidi pamoja na mvuke wake, ambao ukianza kuvuja hukatwa na kuzibwa kwa bolti. Bomba la esanse likitoboka chini ya gari, jipya la shaba hupitishwa kwa njia iliyo fupi, na iliyo fupi ndiyo ile ipitayo kando ya bomba la moshi. Kuna na kilango kimoja, katika Land Cruiser hizo na katika magari mengine mengi ya enzi hiyo, kilichowekwa kuuelekeza moshi wa moto chini ya njia ya hewa asubuhi za theluji, ili injini ipate joto upesi. Kwetu hakina haja hata siku moja, lakini kikipata kutu na kuganda katika upande wa kupasha moto, gari la Ituri hupikiwa kabureta yake mwaka mzima kwa ajili ya baridi ya nchi za watu.

Na mfuniko wa tangi! Huo wastahili aya yake. Tangi haliwezi kutoa esanse pasipo kuingiza hewa mahali pake, na kwa sababu hiyo mfuniko wa asili una tundu dogo, au kilango kinachofunguka kwa ndani. Mfuniko ukipotea, kwetu huwekwa mfuko wa nailoni, juu yake kitambaa, na vyote hukazwa kwa mpira wa tyubu hata chawa asipenye. Gari hutoka mjini vizuri, lakini kadiri esanse ipunguavyo ndivyo utupu uzidivyo ndani ya tangi, mpaka pampu yashindwa kuvuta na injini yazimika, mara nyingi mlimani, mara nyingi adhuhuri, na kila aliyepo hutamka palepale kwamba esanse imechemka. Wakikaa robo saa chini ya mti hewa hujipenyeza kidogo kidogo na gari huwaka, nao huondoka na yakini kwamba kivuli ndicho kilichoponya. Laiti mmoja wao angalilegeza ule mpira na kutega sikio, angaliusikia mfyonzo mrefu wa hewa ikiingia, na jua lingaliachiliwa huru siku hiyohiyo.

Mshitakiwa wa pili, baada ya jua, ni kadhafi, muuzaji wa esanse ya chupa na bidoni kando ya njia. Kwake nataka insafu pia, ingawa sina udugu naye. Esanse yetu husafishwa ng’ambo ya bahari, kwa kuwa kiwanda cha Mombasa kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Hushushwa Mombasa, husukumwa kwa bomba hadi magharibi ya Kenya, kisha hupakiwa katika malori ya tangi yanayovuka Uganda mpaka mpakani kwetu. Katika safari hiyo ndefu, na hasa katika siku inayoshinda ndani ya chupa isiyofungwa vema juani, ni vile vimiminika vyepesi vinavyoruka kwanza. Maana yake, ajabu lakini kweli, esanse iliyolala juu ya meza ya kadhafi ni ngumu kuchemka kuliko ile mbichi itokayo kwenye kituo chenye matangi ya chini ya ardhi, na kosa lake litaonekana asubuhi ya baridi, wala si adhuhuri. Aliyetia mafuta ya taa ndani ya esanse hatia yake ni nyingine, nayo huzunguka mpaka ikarudi kwenye shauri letu: mafuta ya taa huifanya injini igonge, fundi naye, ili kuinyamazisha, huchelewesha cheche za plagi, na cheche zikichelewa moto huendelea kuwaka hata ukitoka nje, chuma cha moshi kikazidi kuiva. Hivyo esanse iliyochanganywa yaweza kuipikia kabureta bila yenyewe kuwa nyepesi. Watu wa Aru na Bunia hubishana sana juu ya esanse ipi ni safi. Laiti nusu ya ubishi huo ungalitumika kukagua wakati wa cheche.

Sasa nije kwenye lile linalonifanya niandike, maana gari kuzimika ni hasara, lakini liko jambo ambalo ni hatari ya roho. Ni ile chupa kando ya betri. Dereva aliyekwisha kukata tamaa ya pampu huamua kuiacha kabisa, akafunga bidoni juu ya kibanda au akampakatisha utingo bidoni mapajani, na mpira mwembamba ukateremsha esanse moja kwa moja kwenye kabureta. Au, katika hali iliyo mbaya zaidi, utingo hukaa juu ya bawa la gari na boneti wazi, akimimina kidogo kidogo kwa chupa huku injini ikizunguka. Esanse hutoa mvuke wenye kushika moto hata katika baridi ya chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hushuka na kutambaa kuelekea waya za plagi na chuma cha moshi. Injini inayokosakosa hurudisha mwali juu kwa njia ya kabureta mara nyingi, na hapo juu ndipo penye mkono wa kijana mwenye chupa. Tumeizoea desturi hii hata tunaiona kuwa werevu wa mjini. Si werevu, ni kumweka mtoto wa mtu mdomoni mwa bunduki kwa sababu mwenye gari ameona bei ya kiwambo cha pampu ni kubwa. Na abiria waliomo nyuma, waliokaa juu ya bidoni nyingine, hakuna aliyewauliza.

Juu ya vizuizi nasema kwa adabu lakini kwa uwazi. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri imekuwa chini ya utawala wa kijeshi, na hakuna mtu mwenye akili anayeishi hapa ambaye atataka magari yapite usiku na mchana pasipo kutazamwa. Walakini kuna tofauti kubwa kati ya kizuizi kilichowekwa tambarare, ambako injini imepata upepo wa kilomita mbili tatu baada ya mlima, na kizuizi kilichowekwa juu kabisa ya mpando, ambapo joto liko katika kilele chake na amri ya kuzima injini ni sawa na amri ya kuchemsha kabureta. Kumwachia dereva injini izunguke taratibu wakati wa ukaguzi, feni ikipuliza na esanse mpya ya baridi ikipita katika bomba, hakumpunguzii askari heshima wala mamlaka. Katika njia ya Komanda kuelekea Luna, ambako magari yamepata kwenda kwa msafara chini ya ulinzi, jambo hili si la raha: gari moja kuukuu likizimika katikati ya msafara unaokwenda kwa mwendo wa jongoo, wote walio nyuma husimama, na kusimama katika msitu ule kuna maana ambayo sina haja ya kuieleza kwa msomaji wa Bunia.

Najua watakuwapo wenye kusema kwamba yote haya ni kuwapamba maiti, na kwamba dawa ya magari hayo ni kuyatupa. Kwa mtu aliye na fedha ni shauri jema. Lakini mwenye FJ40 iliyomsomeshea watoto hana mbadala, na akilipata gari jipya la esanse litakuwa na ile pampu ya ndani ya tangi, ambayo haichemshi esanse, kweli, bali hufa kwa mchanga na maji ya bidoni zetu, wala haina kiwambo cha kubadilishwa kando ya njia. Tena si sisi peke yetu tuliopatwa. Ford za V8 za Marekani, zilizoanza kutoka mwaka 1932, ziliwekewa pampu juu kabisa ya injini, mahali pa moto, na wenyewe waliteswa na mvuke huo kwa miaka ishirini na zaidi. Wako waliobana mabomba yao kwa vibanio vya mbao vya kuanikia nguo, wakiapa kwamba vyasaidia, na nadhani vilisaidia zaidi nyoyo kuliko mabomba.

Basi fundi aliyepewa gari la kabureta alirudishie kwanza kilichotolewa: bati, kipande cha bakelaiti, mpira wa kurudishia, na bomba lihamishwe mbali na moshi, akimaliza hayo na bado lina shida, ndipo afikirie pampu ya umeme karibu na tangi, yenye swichi inayojizima injini ikifa, wala si kabla. Mfanyabiashara wa vipuri anayeleta taa za mapambo kutoka Kampala alete na mifuniko ya tangi yenye tundu. INPP, iliyowekwa na taifa kwa ajili ya mafunzo ya kazi, ingefaa iwafundishe vijana maradhi haya mawili juu ya injini inayowaka, kabureta ikiwa wazi mbele yao, badala ya kuwaachia kila mmoja ajifunze kwa chupa. Na ACCO, chama cha madereva, hakihitaji sheria mpya ya bunge ili kuanza: boneti zifunguliwe mahali pa kupakia, kabla ya majina ya abiria kuandikwa, na gari litakalokutwa na chupa au bidoni ya esanse kando ya injini lipoteze zamu yake ya siku hiyo.